Mhandisi aliyeona kinamasi kuwa hasara

Mvua inayonyesha Mutuini haifiki Misri. Inateremka na Mto Motoine, ambao ukilipita Bwawa la Nairobi huitwa Ngong, kisha inafuata Athi hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Lakini ukivuka Bonde la Ufa, mvua ya Nyando au Nzoia huingia Ziwa Victoria, ikatokea Jinja kwa Mto Nile na kuelekea Kairo. Maji hayo ndiyo yaliyomleta mhandisi William Garstin Afrika Mashariki mwaka 1903.

Garstin alizaliwa India mwaka 1849 na kuajiriwa huko mwaka 1872 katika idara ya ujenzi wa umma, iliyosimamia mifereji mikubwa ya umwagiliaji. Mwaka 1885 alihamishiwa Misri, ambako Waingereza walitaka pamba, na pamba ilitaka maji wakati wa kiangazi, mto unapokuwa chini. Kufikia mwaka 1892 alikuwa mtendaji mkuu wa wizara ya ujenzi, na bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, lilijengwa chini ya usimamizi wake.

Kazi yake iliyonivutia zaidi ni ile ya Sudd, kinamasi kikubwa cha Nile katika Sudan Kusini ya leo. Humo mafunjo hung'oka na upepo, yakasukumwa na maji, yakashikana na matope mpaka mto ukazibika kabisa. Mwaka 1899 kikosi cha Meja Malcolm Peake kilitumwa kuuzibua. Mateka wa vita walichoma majani ya juu, wakachimba mitaro kuligawa lile zulia nene la mimea vipande vipande, kisha meli ya mvuke ikavuta kila kipande kwa waya wa chuma hadi kikachomoka na kuelea kwenda zake. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi, kwenye joto na mbu.

Baada ya njia kufunguka, Garstin alipima. Ukijua kina na upana wa mto, na kasi ya maji, unapata kiasi kinachopita kila sekunde. Alipolinganisha maji yanayoingia Sudd na yanayotoka, karibu nusu yalikuwa yamepotea kwa mvuke na kwa mimea. Katika ripoti yake ya mwaka 1904 akaunga mkono wazo la mhandisi mwenzake, J. S. Beresford: uchimbwe mfereji ulionyooka kutoka Bor hadi karibu na mdomo wa Mto Sobat, maji yakipite kinamasi pembeni.

Vipimo vyake naviheshimu. Neno "kupotea" silikubali. Wadinka, Wanuer na Washilluk walilisha mifugo kwenye nyasi zinazoachwa na mafuriko yanapopungua, na walivua samaki humo. Sisi wa upande huu wa Nairobi tuna mfano mdogo jirani: kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hunyonya maji kama sifongo na kuyaachia Mto Nairobi kidogo kidogo. Anayekiona kuwa ardhi iliyokaa bure hajauona mto wakati wa kiangazi.

Mtazamo wa kwamba maji yote ya juu ni akiba ya Misri uliingia hata katika mkataba. Mwaka 1929 Uingereza iliahidi kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika hazingejenga kitu cha kupunguza maji ya Nile bila idhini ya Kairo. Nyerere aliukataa msimamo huo mwaka 1962, na Kenya huru haikuutambua pia.

Mfereji wenyewe ulianza kuchimbwa mwaka 1978 kwa jina la Jonglei. Takribani kilomita 260 kati ya 360 zilikuwa tayari vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipousimamisha mwaka 1984. John Garang, aliyeongoza waasi, alikuwa ameandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu mradi huohuo.

Kuna jambo ambalo Garstin hakuweza kulijua kwa vipimo vya miaka michache. Mvua za mwaka 1961 zilianza kulipandisha Ziwa Victoria, na kufikia mwaka 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Sudd ikapanuka zaidi ya maradufu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likifurika Budalang'i na Kisumu, na sehemu za Sudan Kusini zikazama miaka iliyofuata. Wito wa kuchimba na kuzibua mito ukarudi. Julai 2022 Rais Salva Kiir alisimamisha kazi hizo hadi utafiti ufanyike, na nadhani alifanya vyema: mto unaobadilika hivyo unahitaji kupimwa kwa miongo kabla ya koleo la kwanza.