Je, Wajua? Mjusi kafiri hafumbi macho

Mjusi kafiri, yule anayevizia wadudu karibu na taa ukutani usiku, hana kope za kufumba. Vumbi likimwingia jichoni, hulilamba kwa ulimi, kama dereva anayepangusa kioo cha gari. Nyayo zake hazina gundi: zina vinyweleo vidogo mno, maelfu kwa maelfu, vinavyong'ang'ania hata kioo. Ukimshtua huuacha mkia ukirukaruka sakafuni, mwenyewe ameshapenya nyuma ya kabati. Baadaye huota mwingine. Wengi humuua wakidai ana sumu. Hana, hata chembe! Chakula chake ni mbu, nondo na mende wadogo. Basi weka huo ufagio chini, umwache amalize zamu yake.