SURUA: KADI IMEPOTEA NJIANI? MTOTO ASIKOSE CHANJO



Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kuingia Rubavu. Busasamana ilikuwa mojawapo ya sehemu walikopokelewa. Mtu anayekimbia namna hiyo hubeba mtoto, pengine na sufuria. Kadi ya chanjo hubaki nyumbani. Watoto waliochanjwa na wasiochanjwa hukutana chini ya turubai moja, na hapo surua hupata nafasi.

Tusiuchukulie ugonjwa huu kuwa mdogo. Nchini Kongo, tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020, watu zaidi ya 310,000 walishukiwa kuugua surua na zaidi ya 6,000 walifariki. Wengi wao walikuwa watoto.

Surua huambukizwaje?

Surua, ambayo majirani zetu Wanyarwanda huiita iseru, husababishwa na virusi. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, virusi hubaki hewani hadi saa mbili, hata akiwa ameshaondoka. Kwa baridi ya huku tunajifungia ndani wengi pamoja, na hilo huusaidia ugonjwa. Kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, 9 wanaweza kuambukizwa.

Utaitambuaje?

Siku 10 hadi 14 baada ya kuambukizwa, mtoto hupata homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi. Ndani ya mashavu huweza kuonekana vidoa vyeupe. Siku chache baadaye vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka kifuani, mikononi na miguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa: ngozi huwa na mikwaruzo.

Kumbuka: mtoto huanza kuambukiza wengine siku 4 kabla ya vipele, na huendelea hadi siku 4 baada ya vipele kutoka. Usingoje vipele ndipo uje kituoni.

Mtoto akiugua ufanye nini?

1. Mpeleke kituo cha afya, na umwambie mhudumu mapema kuwa unashuku surua ili asikae foleni na watoto wengine.
2. Hakikisha anapewa vitamini A, dozi mbili kwa siku mbili mfululizo. Hulinda macho na kupunguza vifo.
3. Endelea kumnyonyesha. Mpe uji, maziwa na maji safi mara kwa mara. Akiharisha, mpe maji ya ORS.
4. Msafishe macho kwa kitambaa safi na maji safi. Usimtie dawa za majani machoni, zinaweza kumpofusha.
5. Asichangamane na wengine hadi siku 4 zipite tangu vipele vitoke.

Hakuna dawa inayoua virusi vya surua. Kumpaka pombe, kumnyima chakula au kumfungia gizani hakumponyi.

Dalili za hatari

Rudi kituoni mara moja, hata usiku, ukiona: anapumua haraka au kwa shida, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, hazinduki vizuri, macho yana ukungu, ana vidonda vingi kinywani, au anaharisha damu.

Chanjo

Rwanda hutoa chanjo ya surua na rubela tangu mwaka 2013. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 15. Dozi moja haitoshi: kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, kama 15 hawapati kinga. Wakati wa dharura hata mtoto wa miezi 6 huchanjwa, lakini dozi hiyo haihesabiwi; bado atahitaji zile mbili. Mama mjamzito asichanjwe. Amweleze muuguzi hali yake.

Mzazi akituambia, "Mtoto alichanjwa ila kadi sina," hatumwiti mwongo. Tunamwomba akubali achanjwe tena. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto. Kukosa dozi ndiko kunakoweza kumuua.

Wapo pia wanaomficha mtoto mwenye homa, wakiogopa safari ya kuhamia kambi nyingine itaahirishwa. Ni kweli, huenda mkachelewa siku kadhaa. Lakini ukipanda basi na mtoto mwenye surua, wiki mbili baadaye watoto wa wenzako wataanza kuugua, na pengine mmoja wao hatapona.

Ndugu mzazi, tukipita kwenye makazi yenu kuuliza habari za watoto, tuambieni ukweli. Hatukuja kuwakamata. Na ukipewa kadi mpya, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke pamoja na karatasi zako za ukimbizi.

Kinga ni bora kuliko tiba.