Rufiji, mto unaolima kwa mafuriko

Katika bonde la Rufiji, mkoani Pwani, mkulima huulizia mafuriko kama mwenzake wa bara anavyoulizia mvua: yamefika wapi, yatakaa siku ngapi? Hupanda mpunga mvua za mwanzo zikidondoka, ili mto ukifurika uukute umeshasimama. Maji yakiwahi, mpunga unazama. Yakichelewa, unakauka. Yakishuka, huacha tope lenye rutuba, na juu yake hupandwa mahindi, kunde na maboga bila mbolea ya dukani. Kilimo hicho cha pili huitwa mlau.

Shambani husimama dungu, kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu. Familia hulala humo kuyalinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na maji yakipita chini ya sakafu hakuna anayeshtuka.

Maji hayo hutoka mbali. Rufiji hukusanya mvua ya takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania, kupitia Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Ajabu ni kwamba Ruaha Mkuu, wenye eneo kubwa kuliko wenzake, huleta maji machache. Zaidi ya nusu huletwa na Kilombero, unaopokea mvua za milima ya Udzungwa. Basi ikinyesha sana Ifakara, bondeni Kilombero, wa Utete, chini huku Rufiji, ndiye wa kukunja mkeka, hata kama kwake jua linawaka.

Ukishatoka kwenye korongo jembamba la upande wa juu, Rufiji hukuta nchi tambarare. Mwendo hupungua, mchanga na tope hutua, mkondo hujipinda na kingo kushindwa. Maji huingia kwenye maziwa ya pembeni pamoja na samaki, kisha humalizikia kwenye mikoko ya delta, mkabala na kisiwa cha Mafia.

Mwaka 1968 mafuriko yalizidi. Mwaka uliofuata serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipona, lakini mashamba yalibaki bondeni, na mkulima akawa mtu wa kupanda na kushuka.

Sasa upande wa juu wa mto, kwenye lile korongo, lipo Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa huweza kuzuia mafuriko madogo, yaleyale yanayolisha mlau, na sehemu ya tope hubaki nyuma ya ukuta. Makubwa bado huja: Aprili 2024 nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa, na ukazuka mjadala mkali kama ni mvua au ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Kwa aliyesimama kiunoni majini, mjadala huo ulichelewa.

Wenye kushika milango ya bwawa wawatangazie wa Utete na Muhoro mapema, kwa tarehe na kwa kiasi, ili wajue kama mbegu ziingie ardhini au zipande dunguni.