Mbwa Aliyepooza na Kigari Chake

Mbwa asimamapo juu ya miguu yake minne, uzito wa mwili wake hauwi sawa mbele na nyuma, kwa kuwa kichwa, shingo, kifua na mabega huelemea mbele, hata ikawa takriban asilimia 60 ya uzito wote huchukuliwa na miguu ya mbele, na asilimia 40 tu na ile ya nyuma. Katika hesabu hiyo ndogo imo faraja kubwa, maana maradhi na ajali zimfanyazo mbwa kuwa kiwete aghalabu humpiga kiunoni na mapajani, zikaiacha salama ile sehemu ya mwili ichukuayo mzigo mkubwa zaidi. Mbwa aliyepooza nyuma bado ana mabega yenye nguvu, mapafu mazima, pua inayonusa upepo na nia ya kwenda. Alichopungukiwa ni mtu wa kumshikia kiuno. Kazi hiyo ya kumshikia kiuno imekwisha kupatiwa chombo kwa zaidi ya miaka 60, nacho ni kigari chepesi cha magurudumu mawili, ambacho nimeona vema kukieleza hapa kwa urefu, kwa sababu wako watu wema waliokubali mbwa wao auawe, si kwa ukatili, bali kwa kutojua tu kwamba chombo kama hicho kipo duniani.

Mgongo wa mbwa hupatwa na misiba ya namna mbalimbali. Ajali ya barabarani huuvunja kwa lahadha moja, na mtu akaaye kando ya njia kuu, iwe Morogoro au Mombasa, huenda amepata kumwona mbwa aliyegongwa akijikokota kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma ikibururwa vumbini. Lakini iko misiba mingine isiyotoka nje, bali hutoka katika damu na ukoo, nayo yastahili maelezo marefu zaidi. Kati ya pingili moja ya mgongo na nyingine mna kisahani cha gegedu, kigumu pembeni na laini kati, kazi yake kuuzuia mfupa usisagane na mwenziwe. Kisahani hicho kikikauka na kupasuka, kilichomo ndani hutoka kwa nguvu kikaubana ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu ichukuayo amri kutoka ubongoni hadi miguuni, na mbwa aliyelala mzima huamka hawezi kusimama. Balaa hili huwaandama hasa mbwa wafupi wa miguu na warefu wa kiwiliwili, na mashuhuri wao ni Dachshund, ambaye Wajerumani walimzalisha ili aingie mashimoni kuwafuata wanyama wakaao chini ya ardhi. Takriban mmoja katika kila watano wa ukoo huo hupatwa nalo maishani mwake. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, wakiwa pamoja na Danika Bannasch, walionyesha kwamba jeni mojawapo kati ya zile zifupishazo miguu ya mbwa ndiyo hiyo hiyo ikaushayo visahani vyake mapema. Basi insafu yatulazimisha kukiri kwamba umbo lililowapendeza wanadamu limelipiwa kwa mgongo wa mnyama, na kwamba deni hilo ni letu sisi tuliolichagua.

Maradhi mengine huja polepole. Yalielezwa na tabibu wa wanyama Averill mwaka 1973, na huwashika mbwa wazee, aghalabu wenye umri wa miaka 8 na zaidi, wa koo kama German Shepherd, Boxer na Corgi. Kwanza mwenye mbwa husikia kucha za miguu ya nyuma zikikwaruza sakafu. Kisha huona nyayo zikipinduka, mbwa akikanyaga kwa mgongo wa mguu bila kutambua. Kisha kiuno huyumba, na kwa muda wa miezi 6 hadi mwaka mmoja hivi miguu ya nyuma huwa haimchukui tena. Ajabu ya maradhi haya ni kwamba hayana maumivu. Mbwa hatambui kwamba anaumwa. Atambua tu kwamba nyuma yake haiji. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri pamoja na wenzao wa Taasisi ya Broad waligundua kwamba chanzo ni kasoro katika jeni iitwayo SOD1, jeni ambayo tangu mwaka 1993 ilikwisha kujulikana kuwa miongoni mwa sababu za yale maradhi ya binadamu yanyong'onyezayo misuli mpaka mtu akashindwa kutembea, kusema na kupumua. Tangu hapo mbwa huyu mzee akawa si mgonjwa wa kuhurumiwa tu, bali pia mwenzetu katika dhiki, ambaye kwa kumtazama tabibu apata kujifunza habari za maradhi yetu wenyewe. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Walakini utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006 juu ya mbwa 22 ulionyesha kwamba wale waliofanyishwa mazoezi ya viungo kwa bidii kila siku waliishi kwa wastani wa siku 255, ilhali wale wasiofanyishwa waliishi siku 55. Mnyama hawezi kufanya mazoezi naye amelala ubavu mchana kutwa. Na hapo ndipo haja ya kigari ionekanapo, maana kigari si chombo cha kumsafirisha mgonjwa, bali ni chombo cha kumfanya aende mwenyewe.

Si kila aliyepooza atakuwa wa kigari maisha yake yote. Tabibu humbana mbwa kidole cha mguu kwa nguvu na kumtazama usoni: akigeuka, akilia au akijaribu kumwuma, ni dalili kwamba habari ya maumivu bado yafika ubongoni, na mbwa wa namna hiyo aliyepasuka kisahani ana matumaini makubwa ya kutembea tena akipasuliwa. Asipohisi kitu, matumaini hupungua hata yakawa kama nusu kwa nusu. Hata elimu ya juu bado haijakamilisha kazi hii: mwaka 2012 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walitangaza kwamba walichukua chembechembe hai kutoka puani mwa mbwa waliopooza, wakazikuza, kisha wakazitia katika ugwe wa mgongo wa mbwa hao hao, na wengi wakapata tena mwendo wa miguu ya nyuma uendao kwa taratibu na ile ya mbele, lakini uwezo wa kuzuia mkojo haukurudi kwa namna hiyo. Ilikuwa hatua njema, nayo ingali mbali na mlango wa daktari wa kawaida.

Kigari chenyewe kilitokana na watu wa vitendo. Huko Marekani, mwaka 1961, Lincoln Parkes, tabibu wa wanyama aliyekuwa bingwa wa mifupa, alianza kuwaundia wagonjwa wake vigari. Mwaka 1989 mhandisi wa mitambo wa Massachusetts, Ed Grinnell, alimwona mbwa wake mwenyewe, Doberman aitwaye Buddha, amepooza nyuma kwa maradhi ya visahani, naye akaingia karakanani akamwundia kigari kwa mikono yake. Baadaye yeye na mkewe Leslie wakaifanya kazi hiyo kuwa riziki yao, na karakana yao ya Shelburne Falls ikawahudumia mbwa wa nchi nyingi. Wengine wakafuata na vigari vyenye vyuma virefushwavyo na kufupishwa, ili kimoja kiweze kumfaa zaidi ya mbwa mmoja.

Ukikitazama, kigari ni kitu chepesi kukifahamu. Pana vyuma viwili vya alumini vipitavyo ubavuni kushoto na kulia, vikaungana nyuma juu ya magurudumu mawili. Pana tandiko laini la kukalisha nyonga, lenye matundu mawili ya kupitishia mapaja. Pana mkanda wa kifuani na mabegani wa kufungia vyuma hivyo. Na nyuma zipo kanda mbili za kutundikia nyayo zisiburure. Mbwa ambaye miguu yake ya nyuma ingali na nguvu kidogo hatundikwi nyayo, bali huachiwa akanyage, kwa kuwa misuli itumikayo haidhoofu upesi. Viko pia vigari vya magurudumu manne kwa mbwa aliyedhoofu mbele na nyuma, na viko vya kumsaidia aliyekosa miguu ya mbele. Lakini hivi vya mwisho ni vigumu kuvisawazisha, kwa sababu ile tuliyoanza nayo, kwamba huko mbele ndiko uliko uzito.

Siri yote imo katika vipimo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mbwa hupimwa akiwa amesimamishwa, mtu mmoja akimshikilia kiuno mpaka mgongo ulale sawa, mwingine akipima tangu kinenani hadi chini, kisha upana wa nyonga, kisha urefu tangu mabegani hadi nyuma. Kigari kikiwa kirefu mno kwenda juu, mwili huinama mbele na mabega yakachoka kabla ya njia kwisha. Kikiwa kifupi, mgongo hupinda, na mgongo huo ndio ulio mgonjwa. Mahali pa ekseli napo pana hukumu yake. Hamali wa mkokoteni ajua kwamba mzigo ukirundikwa mbele ya ekseli humlemea mikononi, ukirundikwa nyuma humwinua juu, bali ukipangwa sawasawa juu ya ekseli huwa mwepesi kiasi cha kusukumwa na mtoto. Ndivyo ilivyo kwa mbwa, ambaye kigari chake kikisawazishwa vema humwachia mabegani uzito mdogo tu. Magurudumu yakitanuka kidogo kwa chini, kigari hakipinduki upesi katika kona. Na yule ambaye atatembea juu ya changarawe, mchanga na mashimo ya mitaa yetu apewe magurudumu makubwa yenye mpira usiotiwa upepo, kwani yale madogo yafaa sakafu tu.

Siku ya kwanza mbwa asitazamiwe kukimbia. Wako wanaoondoka mara moja kana kwamba hawakupata kuumwa, na wako wanaosimama kama waliogandishwa wasijue kilichowashika. Hawa wa pili wapewe dakika chache tu, mwenye mbwa akiwa mbele yao na kipande cha nyama, kisha wafunguliwe wapumzike. Kadiri siku ziendavyo muda huongezwa. Mbwa hawezi kujilaza akiwa kigarini, wala kupanda ngazi, na gurudumu moja likinasa katika mtaro aweza kupinduka; kwa hiyo haifai kabisa kumwacha kigarini peke yake. Akirudi matembezini afunguliwe, akaguliwe mapaja, kinena na makwapa, maana ngozi isiyohisi haimwambii mwenyewe kwamba inachubuka, na kidonda kidogo cha leo chaweza kuwa shimo la juma lijalo.

Nimechukizwa mara nyingi na maandishi yasemayo habari za kigari kana kwamba ni mwisho wa taabu zote. Sivyo. Mbwa wengi waliopooza hawawezi kukojoa kwa hiari yao, na mwenye mbwa hulazimika kujifunza kwa daktari namna ya kukibonyeza kibofu kwa mikono miwili, taratibu, mara kadhaa kwa siku, kila siku, pamoja na siku za sikukuu na siku ambazo yeye mwenyewe hajisikii vema. Akizembea, mkojo uliobaki huvunda, maradhi yakapanda mpaka kwenye figo. Malazi yawe laini na makavu, ubavu ugeuzwe, miguu iliyolala inyooshwe na kukunjwa ili viungo visikakamae. Kazi hii si nzito, lakini haina likizo, na mtu asiyeweza kuichukua ni heri aseme hivyo mapema.

Wako wasomaji watakaouliza kama shughuli yote hii yamstahili mbwa. Watu wengi wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini katika mafunzo hayo hayo, na kwa mapokezi ya Bukhari, tumefundishwa habari za msafiri aliyeshikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa, alipopanda akamwona mbwa akihema na kulamba udongo kwa kiu, naye akashuka tena, akakijaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili mikono imsaidie kupanda, akamnywesha yule mbwa, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Utaratibu wa tohara ni jambo moja na wajibu wa huruma ni jingine, nao haupungui kwa sababu ya kuwa mnyama ahudumiwaye ni mbwa. Sisemi kwamba kila mbwa aishi kwa vyovyote vile. Mwenye maumivu yasiyotulia, asiyekula, asiyeinua kichwa anapoitwa, kumpumzisha kwa mkono wa tabibu ni rehema. Ila mbwa ambaye ala, atazama mlango na kutikisa kichwa kwa furaha asikiapo sauti ya bwana wake, huyo hana hatia ya kupewa hukumu ya kifo kwa sababu ya miguu miwili.

Gharama isiwe udhuru wa haraka. Huko Marekani kigari kipya huuzwa kwa mamia ya dola, fedha ambazo wengi wetu hatuna. Lakini fundi wa kuchomelea wa mtaani mwenye picha nzuri na vipimo sahihi aweza kukiunda kwa bomba za alumini na magurudumu ya baiskeli ya mtoto, na kwa mbwa mdogo hata mabomba ya plastiki ya maji yatosha, mradi tandiko liwe laini na daktari wa mifugo akikague kabla hakijatumika. Nawe msomaji, ukimkuta mbwa wako asubuhi hawezi kuinua nyuma yake, usimsimamishe kwa nguvu, wala usimkande, wala usingoje kesho. Mlaze juu ya ubao ulionyooka, mfunge asigaegae, umfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa ugwe uliobanwa huharibika zaidi kadiri saa zinavyopita. Na habari za kigari zizungumzwe baadaye, tabibu akishasema nini kimebaki na nini kimepotea.