Mbuya, Usiiache Mghange Stejini

Ukitoka Mghange kwenda chuo Nairobi, "kwawuka mana?" ya asubuhi hushukia Voi. Jijini ni "niaje" tu, usije ukaitwa mshamba.

Lakini ngoja uwe kwenye foleni ya chakula kampasi, mtu nyuma yako aseme "mbuya". Unageuka fasta. Jina lake hulijui, ila ushaonja kimanga cha nyanya mdomoni.

Kidawida kilichochanganywa na Sheng ndicho kilichotuunganisha hosteli: "Chawucha mbuya, hiyo mia nitarudisha." Sasa tumetawanyika, na grupu la WhatsApp ni Sheng tupu. Neno lisilotumika hufa kimyakimya, maze.

Kesho asubuhi mtext yule rafiki wa chuo: "Kwawuka mana?" Akijibu kwa Kidawida, nyote mko nyumbani.