Fungu la Juma: Taurati Isomwavyo Sydney

Katika mtaa wa Elizabeth, mkabala na bustani ya Hyde Park mjini Sydney, limesimama Sinagogi Kuu lililofunguliwa mwaka 1878, na humo kila asubuhi ya Jumamosi hutolewa hati ya Taurati, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi bila irabu wala alama za mahadhi, likasomwa kwa sauti fungu lililowekewa juma lile. Taurati nzima, tangu kuumbwa ulimwengu hata mauti ya Nabii Musa, imegawanywa mafungu 54 ili ikhitimishwe kwa mwaka, na siku ikhitimishwayo ndiyo siku ianzwayo tena.

Lakini kumsikiliza msomaji si ukamilifu wa jambo. Maulamaa wa Talmudi walimwagiza kila mtu alipitie fungu hilo mwenyewe, sambamba na jamaa yake: mara mbili kwa Kiebrania, na mara moja kwa tafsiri ya kale ya Kiaramu, na waliokuja baadaye wakaruhusu sharhi ya Rashi, mwanachuoni wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, ishike mahali pa tafsiri hiyo. Rashi hupita aya kwa aya, akieleza maana iliyo wazi na kuondoa utata unaomkwaza msomaji. Hapa, kwa rai yangu, ndipo ulipo uhai wa elimu hii, maana mtoto na mzee hushika matini moja kwa juma moja, na aliyeyasoma mafungu hayo miaka hamsini bado hukutana na swali ambalo hakupata kuliuliza.

Wengi hudhani kwamba Mayahudi wote husoma fungu moja kwa wakati mmoja. Aghalabu ni hivyo, ila si daima. Zamani mwandamo wa mwezi ulithibitishwa Yerusalemu kwa mashahidi waliouona, kisha wajumbe wakatumwa kuwaarifu walio mbali. Na kwa kuwa wajumbe hawakuwahi kufika kote, waliokaa nchi za mbali waliongeza siku katika sikukuu kwa kutahadhari. Leo kalenda ni ya hisabu, wala shaka haipo, lakini ada imebaki, nayo Sydney, mji ambao wajumbe wale hawakupata kuusikia, huishika. Basi Pasaka ya Yerusalemu ni siku 7, ya Sydney ni siku 8. Na siku ya 8 ikiangukia Jumamosi, kama ilivyokuwa tarehe 23 Aprili 2022, Sydney husoma kisomo cha sikukuu hali Yerusalemu imekwisha rejea kwenye mafungu ya kawaida. Mji ulioingia Sabato kwanza, kwa kuwa saa zake zilitangulia kwa 7, ukabaki nyuma kwa fungu zima.

Pengo hilo lilidumu zaidi ya miezi mitatu, mpaka tarehe 30 Julai, Sydney ilipoyaunganisha Matot na Masei, mafungu mawili ya mwisho ya kitabu cha Hesabu, ambayo Yerusalemu iliyasoma kwa Jumamosi mbili. Aliyesafiri baina ya miji hiyo katika muda ule, akitoka Sydney, alipitwa na fungu moja lisisomwe mbele yake. Na kama hakupata wasafiri wenziwe wa kusoma nao, ilimpasa akae na Taurati yake, na Rashi pembeni, alisome mwenyewe.