Mkono na Mguu katika Mpira wa Mikono

Mwalimu wa Voi au Wundanyi awaambiapo wanafunzi kuwa mpira wa mikono hauguswi kwa mguu, hukataza kuliko sheria yenyewe. Mguu kwa Kiswahili huanzia nyongani. Sheria hukataza chini ya goti tu. Refa aadhibuye goti au paja humpokonya mchezaji haki yake. Mlinda lango, mmoja wa wachezaji 7 wa kila upande, huruhusiwa hata wayo, maadamu analinda ndani ya eneo lake la mita 6. Mwenye mpira asizidishe hatua 3 wala sekunde 3. Kuhusu jina, Kiswahili kimebahatika: kosa la mkono katika kandanda ni kunawa, ilhali Kiingereza hutumia neno moja kwa kosa na kwa mchezo.